Marufuku ya kuni na mkaa: Tusimwachie mama moshi peke yake

 

Ndugu msomaji, nilikuwa nafundisha somo la adabu za nyumbani kwa wanafunzi wa kidato cha pili hapa Tunduma. Tulifika kwenye hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari (r.a), ambayo Bukhari na Muslim wameithibitisha, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku ikiwa na watu wake ndani. Mtume (s.a.w) alipopewa habari yao aliwatanabahisha Masahaba kuwa moto ni adui yao, na kwamba wanapokwenda kulala wauzime. Nilieleza, wanafunzi wakaandika. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, kama moto ni adui, mbona mama yangu anashinda nao kutwa nzima na hakuna anayemuonea huruma?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Mama yake ni mama lishe, anawapikia madereva na matingo wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Anawasha moto kabla ya adhana ya alfajiri na kuuzima baada ya Isha. Binti akasema mama yake anakohoa mwaka mzima, macho ni mekundu, na watu wa mtaani wenye fikra finyu wameshaanza kuyanong'ona yale ambayo watu hunong'ona wakimuona mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu. Sikuwa na jibu la haraka. Makala hii ni jaribio la kumjibu binti yule, kwani swali lake linagusa jambo ambalo nchi nzima inalizungumza, nalo ni amri za Serikali kuhusu kuni na mkaa.

Amri yenyewe inasemaje?

Mitaani kuna maneno mengi. Wapo wanaodai kuwa Serikali imeharamisha mkaa majumbani na kwamba mgambo wataingia jikoni kuvunja mafiga. Mwislamu ameamrishwa katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Basi tuichunguze.

Mwaka 2023 Serikali, kupitia Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia Mazingira, ilitangaza kuwa taasisi zinazoandaa chakula kwa watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kutumia kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na zile zinazolisha watu zaidi ya 300 zikawekewa tarehe 31 Januari 2025. Hizi ni shule, vyuo, magereza, kambi, hospitali na mfano wa hizo. Kisha Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwezi huo huo alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris uliozungumzia nishati ya kupikia barani Afrika.

Kwa hiyo katazo limezilenga taasisi. Nyumba ya mtu binafsi haikupigwa marufuku na katazo hilo. Inahamasishwa kupitia mkakati, elimu na mitungi ya ruzuku ambayo Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imekuwa ikiisambaza. Hata hivyo, mwenye macho haambiwi tazama. Taasisi kubwa zikishaacha kuni, na misitu ikizidi kulindwa, bei ya gunia la mkaa haitabaki pale pale. Mkono wa sera utafika tu kwenye jiko la mama yule, hata kama hakuna mgambo atakayebisha hodi.

Moshi si mzaha

Baadhi yetu tumezoea kuona kila jambo linalosemwa na wakubwa wa dunia kuwa ni njama. Tuna sababu za kuwa na tahadhari, lakini tahadhari isitufanye tukanushe kinachoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani inayotokana na kupikia kwa nishati duni, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Hapa nchini Serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka. Maradhi yanayohusika ni kiharusi, moyo, mapafu, saratani ya mapafu na nimonia kwa watoto.

Nani anakaa karibu na moshi huo? Ni mama, binti anayesaidia kupika, na mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni. Baba anauona moshi akiwa barazani. Ndiyo maana jambo hili limechukua karne nyingi kuitwa tatizo.

Liko na jingine ambalo sisi watu wa nyanda za juu tunapaswa kulijua zaidi kuliko wengine. Baridi ya Mbozi, Vwawa na Tunduma mwezi wa sita na wa saba si ya mchezo. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mtu aliyelala hajui kuwa anakufa. Asubuhi majirani wanavunja mlango. Wasia wa Mtume (s.a.w) wa kuuzima moto wakati wa kulala, ambao Ibn Umar (r.a) pia ameupokea, ungetosha kuwaokoa watu hao hata kama hawajawahi kusoma kemia.

Ama misitu, takwimu za Serikali zimekuwa zikitaja upotevu wa takriban hekta 469,000 kwa mwaka nchini, na mkaa ni moja ya sababu pamoja na kilimo cha kuhamahama. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-A'raf, aya ya 56, ametukataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa. Na katika Surat Al-Waqi'a, aya ya 71 hadi ya 73, anatuuliza kuhusu moto tunaouwasha, je, ni sisi tuliouumba mti wake au ni Yeye? Kisha anatueleza kuwa ameufanya moto huo kuwa ukumbusho na manufaa kwa wasafiri. Sisi tunaoishi katika mji wa mpakani, mji wa wasafiri, aya hizi zinatuhusu kwa namna ya pekee. Moto ni neema, na mti wake ni amana.

Sharia na jiko

Suala la kujiuliza hapa ni hili: Je, mtawala ana haki katika Uislamu ya kuingilia namna watu wanavyowasha moto wao?

Jibu ni kuwa anayo, tena wanavyuoni waliliandika jambo hili karne nyingi kabla ya mkutano wa Paris. Msingi wake ni hadithi mashuhuri iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik na Sunan ya Ibn Majah, inayokataza mtu kudhuru na kulipiza madhara kwa madhara. Kutokana na hadithi hiyo mafuqahaa wamejenga milango mizima ya hukumu za majirani. Katika karne ya 14 huko Tunis, Ibn al-Rami, mjenzi aliyekuwa akishauriwa na makadhi, aliandika kitabu kizima kuhusu hukumu za majengo. Humo moshi wa mahamamu na matanuri ya mikate umehesabiwa kuwa ni madhara ambayo jirani ana haki ya kuyashitaki. Lakini zingatia hapa, ndugu msomaji: moshi wa jiko la nyumbani wanavyuoni wa madhehebu ya Malik waliusamehe, kwa kuwa watu hawana budi nao. Walitofautisha moshi wa biashara kubwa na moshi wa mama anayewapikia watoto wake.

Kabla ya hapo, katika karne ya 12, Shaykh al-Shayzari aliandika mwongozo wa muhtasib, yaani msimamizi wa masoko. Katika mlango wa waoka mikate anamtaka muhtasib ahakikishe kuwa paa za maduka yao ni ndefu na zina matundu mapana ya kutolea moshi. Huo ndio udhibiti wa majiko kwa lugha ya leo. Aidha, Mtume (s.a.w) mwenyewe aliwaamrisha watu kuzima taa za usiku, akaeleza kuwa panya anaweza kuuburuta utambi na kuwaunguzia watu nyumba. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kuwa jikoni ni faragha na dini haina la kusema.

Na kuwatii wenye mamlaka katika jambo la wema ni sehemu ya mafundisho ya Surat An-Nisaa, aya ya 59. Kuilinda nafsi ni moja ya malengo makubwa ya Sharia. Serikali inaposema shule inayolisha watoto mia tatu iache kuni, imesema neno la maslaha. Mwislamu hana sababu ya kulipinga eti kwa kuwa halikutoka msikitini.

Hata hivyo, Sharia haikuishia kumpa mtawala haki. Imempa na sharti. Wanavyuoni wa kanuni za fiq-hi wamesema kuwa maamuzi ya kiongozi juu ya raia yamefungwa na maslaha yao. Wakasema pia kuwa madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Ukimwondolea mtu moshi ukamletea njaa, hujaondoa kitu. Umebadilisha jina la msiba.

Khalifa mwenye moshi ndevuni

Aslam, aliyekuwa mtumishi wa Umar bin al-Khattab (r.a), ametusimulia kisa ambacho wengi wetu tumekisikia, lakini tumesahau sehemu yake ya mwisho. Usiku mmoja wa baridi Umar alitoka naye nje ya Madina, wakaona moto kwa mbali. Walipokaribia wakamkuta mwanamke na watoto wadogo wanalia, na sufuria iko motoni. Umar akauliza kwa nini watoto wanalia. Mwanamke akajibu kuwa ni njaa, na kwamba ndani ya sufuria hamna chakula. Anawatuliza nayo mpaka walale. Kisha akasema kuwa Allah ndiye atakayehukumu kati yao na Umar. Khalifa, ambaye mwanamke yule hakumtambua, akauliza Umar angezijuaje habari zao. Akajibiwa kwamba anabeba vipi jukumu la kuwaongoza kisha anawasahau?

Umar alirudi mbio hadi ghalani, akachukua unga na mafuta. Aslam alipotaka kumbebea, alimuuliza kama atambebea pia mzigo wake Siku ya Kiyama. Akabeba mwenyewe mgongoni. Na hapa ndipo sehemu tunayoisahau: Khalifa aliinama chini ya sufuria akaupuliza moto mwenyewe, na Aslam anasema aliuona moshi ukipenya katikati ya ndevu zake. Hakuondoka mpaka watoto wakala, wakacheka, wakalala.

Umar angeweza kutoa amri akiwa amekaa. Alikuwa na mamlaka yote. Lakini yule mwanamke hakuhitaji kuambiwa kuwa kuchemsha sufuria tupu si lishe bora. Alihitaji unga. Leo mama lishe wa Tunduma hahitaji kuambiwa kuwa moshi ni mbaya. Mapafu yake yameshamwambia. Mama Aisha (r.a) alisimulia kuwa miezi ilikuwa ikiandama na kupita bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w), wakiishi kwa tende na maji. Nyumba iliyopitia hali hiyo haiwezi kuwa na mafundisho yanayomdharau fukara kwa sababu ya jiko lake.

Tuangalie hesabu ya fukara huyo. Kujaza mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 kunahitaji zaidi ya shilingi 20,000 taslimu, kwa mara moja. Mkaa anaununua kwa kopo, leo kopo moja na kesho moja, kulingana na alichouza. Mwisho wa mwezi huenda mkaa ukawa umemgharimu zaidi, lakini mtu anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kununua kwa hesabu ya mwezi. Tatizo lake si ujinga. Ni kwamba gesi inauzwa kwa kipimo cha wenye mshahara. Jiko na mtungi wa ruzuku ni msaada mzuri, lakini mtungi ukiisha gesi na hela ya kujaza haipo, unageuzwa kuwa kiti cha kukalia kando ya mafiga.

Historia nayo imetuonyesha. Mwanzoni mwa karne ya 14 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipiga marufuku makaa ya mawe mjini London kwa sababu ya moshi. Kuni zilikuwa zimekuwa adimu na ghali, mafundi hawakuwa na mbadala, amri ikashindwa. Karne sita na nusu baadaye, Desemba 1952, moshi mzito uliufunika mji huo huo ukaua maelfu ya watu. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 iliyofuata ilifaulu zaidi, na sababu mojawapo ni kwamba iliambatana na fedha: katika maeneo yaliyotangazwa kuwa hayaruhusiwi moshi, mwenye nyumba alirudishiwa angalau sehemu saba katika kumi za gharama ya kubadilisha meko yake. Amri na fedha vilikwenda pamoja.

Hapa kwetu, mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Katazo halikudumu, kwani miji ilikuwa inapika kwa mkaa na hapakuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Hilo liwe somo.

Kwa hiyo tunawanasihi walio madarakani, nasaha ya ndugu kwa ndugu. Mosi, gesi iuzwe kwa kipimo cha fukara. Teknolojia ya mita inayomwezesha mtu kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu imeshatumika Dar es Salaam; isiishie huko. Pili, mkoa wetu wa Songwe na jirani zetu wa Mbeya tuna makaa ya mawe ya Kiwira na Kabulo, na STAMICO imekuwa ikitengeneza mkaa mbadala kutokana na makaa hayo. Ni jambo la kheri kwa misitu, lakini watu waelezwe kuwa huo nao ni moto wa makaa, unataka dirisha wazi, na haufai kuingizwa chumbani usiku. Tatu, tuwe waadilifu kwa wachoma mkaa na wakata kuni. Mtume (s.a.w), kama alivyopokea Bukhari, alimsifu mtu anayechukua kamba yake akabeba mzigo wa kuni mgongoni na kuuza, kuliko anayeomba. Kijana wa Momba mwenye magunia mawili kwenye baiskeli anatafuta riziki. Akikamatwa yeye huku fuso lililosheheni likipita, hiyo si hifadhi ya mazingira, ni dhulma.

Waislamu tuanzie wapi?

Ni rahisi kuinyooshea Serikali kidole. Tuyatazame ya kwetu. Tuna shule za sekondari za Kiislamu, tuna vyuo, tuna vituo vya mayatima, tuna madrasa za bweni. Ngapi kati ya hizo bado zinapikia kuni? Katika shule moja ya Kiislamu ambayo nimewahi kufanya kazi, jiko lilikuwa kibanda cha bati kisicho na dirisha. Wapishi, wanawake wawili, walikuwa wakitoka nje kwa zamu kupumua. Wanafunzi walitakiwa kuja na kuni kila Jumatatu, na aliyekuja bila kuni alikosa kipindi. Sote tuliokuwa ofisini tuliliona hilo, nami nikiwamo, na tukaendelea kufundisha sura ya haki za wafanyakazi. Allah atusamehe.

Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Mkuu wa shule ataulizwa kuhusu mapafu ya mpishi wake. Kamati ya msikiti itaulizwa kuhusu kina mama wanaopika futari ya watu mia mbili ndani ya moshi wakiwa wamefunga. Basi yapo tunayoyaweza bila kusubiri ruzuku.

Kwanza, kila taasisi ya Kiislamu inayolisha watu zaidi ya mia moja ikae na kufanya hesabu yake: kuni za mwaka mzima ni shilingi ngapi, na jiko la gesi, la bayogesi au la mkaa mbadala litagharimu kiasi gani. Zipo shule zitakazogundua kuwa tripu za kuni zimekuwa zikiwagharimu kuliko walivyodhani. Isipowezekana kubadilisha yote mara moja, angalau lijengwe jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi, kama al-Shayzari alivyowataka waokaji wa zama zake.

Pili, tutumie Zaka na sadaka kwa akili. Mafuqahaa wa madhehebu yetu ya Shafi'i wamesema kuwa fukara mwenye kazi ya mikono hupewa katika Zaka kile kitakachomwezesha kununua vyombo vya kazi yake. Imam Nawawi ameyaeleza hayo katika Al-Majmu'. Je, jiko si chombo cha kazi cha mama lishe? Masheikh wetu walitazame suala hili na kutoa mwongozo.

Tatu, uanzishwe mfuko wa karadha njema katika kila msikiti. Kina mama kumi wakichangia kidogo kidogo, na msikiti ukaongeza, mmoja mmoja atakopeshwa mtungi na ujazo wa kwanza, akarejesha kwa siku bila riba. Leo mama huyo huyo akihitaji shilingi 50,000 anakimbilia kwenye mikopo ya mitaani inayomrudisha akilia. Tunamkataza riba mimbarini. Basi tumfungulie mlango mwingine.

Nne, majumbani mwetu wenyewe. Asiyeweza gesi leo, atoe jiko nje au afungue dirisha. Akaushe kuni kabla ya kuziwasha, kwani kuni mbichi ni moshi mtupu. Watoto wachanga wawekwe mbali na jiko. Mkaa usiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto hata kama baridi ni kali kiasi gani. Blanketi moja zaidi ni bora kuliko jeneza. Na baba mwenye uwezo wa kununua simu mpya kila mwaka huku mkewe anapuliza mafiga, ajitazame. Mtume (s.a.w) amesema kuwa mbora wetu ni aliye mbora kwa ahli zake.

Tano, tuwatetee vikongwe wetu. Macho mekundu ni alama ya miaka arobaini ya kuwapikia watu, si alama ya uchawi. Anayemtuhumu bibi kwa sababu ya macho yake amemzulia mtu aliyemlisha.

Abu Dawud amepokea hadithi isemayo kuwa Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanavyuoni wameifasiri kwa maana ya kutonyimana vitu hivyo. Mimi naona kuwa ushirika huo una upande wa pili. Kama tunashirikiana katika chakula kinachotoka motoni, inatupasa tushirikiane pia katika uzito wa moto wenyewe. Kwa muda mrefu mama amebeba moshi peke yake, na sisi tukabeba sahani.

Wiki iliyofuata nilimrudia binti yule darasani. Nilimwambia kuwa Mtume (s.a.w) aliuita moto adui, na anayewajibika kumlinda mama yake dhidi ya adui huyo ni mtawala, ni jirani, ni mume, na ni mimi mwalimu wake. Akaniuliza swali la pili: "Sasa lini, Ustadhi?"

Jibu la swali hilo haliko katika kitabu. Liko mikononi mwetu, na tutaulizwa kwalo. Tumuombe Allah (S.W.) awalainishie nyoyo viongozi wetu, atupe sisi ari ya kutenda tunayoyasema, na awaponye mama zetu wanaokohoa kwa ajili ya matumbo yetu. Amin.